Jina Nililokuficha Gulioni

Dada Mwanaidi, mtani wangu,

Daftari lako limefika. Kondakta wa basi la Mwanza aliliacha kwenye duka la Bakari pale stendi ya Bariadi, na Bakari akampa mume wangu Shija Jumatatu alipokwenda kununua mafuta ya taa. Lilikuwa limefungwa kwa karatasi ya kaki, juu kuna mwandiko nisioujua na jina la kwenu, Kisarawe. Mimi nikafurahi. Nikasema, mtani amenikumbuka. Nikanawa mikono kabisa kabla ya kulifungua, maana nilikuwa natoka kuchambua pamba na vidole vilikuwa na vumbi.

Ndani kulikuwa na barua ya mdogo wako Siwema. Anasema uliumwa tangu ulivyorudi kutoka Sudani, ukakaa hospitali wiki tatu, na kwamba wamekuzika kwenu Kisarawe kabla ya mvua za vuli. Anasema kwenye jalada la daftari hili uliandika mwenyewe: Lipelekwe kwa Nyanzobe, Bariadi. Lina watu wake.

Nilikaa chini pale pale penye pamba. Mwanangu Kabula akaja akaniparamia mgongoni, akidhani nataka kumbeba.

Nakuandikia kwenye kurasa ulizoziacha tupu huku mwisho, ndizo karatasi nzuri nilizo nazo. Mwandiko wangu unaujua, wa darasa la saba, na hata hilo la saba nililimaliza kwa kuruka ruka. Nisamehe penye makosa. Mengine yote sijui kama nina haki ya kuomba nisamehewe, lakini ndiyo ninayotaka kuyasema.

Kwanza la msiba. Wewe Mzaramo, mimi Msukuma. Mtani akifa, mtani mwenzake ndiye anatakiwa awepo, awazuie njia wabeba jeneza, adai apewe chochote ndipo wapite, aseme marehemu alikuwa mlafi, mpaka wanaolia wacheke kidogo na machozi yao. Msiba wako ulipita bila mtani kutoka kwetu. Tulikuwa tunasafisha mashamba ya mahindi. Hakuna aliyejua, na nina hofu kwamba hata wangejua, wasingekuja. Sababu ya wao kutokuja ni mimi.

Unakumbuka ulivyoingia hapa mara ya kwanza? Ule mwaka wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao mapya, kila mtu anasema soko huria, soko huria, na chama cha msingi kimebaki kimefunga mlango mmoja. Ulifikia kwa mke wa mwalimu, ukaazima baiskeli yake, ukawa unazunguka vijijini. Ulisema umetoka India, kwenye kiwanda cha nguo, ukamwuliza mfumaji pamba hii inatoka wapi, akakuonyesha robota lina maandishi ya Tanzania. Ukasema basi, nitaifuata mpaka nimwone aliyeipanda. Wanaume walicheka sana gulioni. Mzaramo amepanda ndege kutoka India kuja kuuliza pamba inatoka wapi, wakati pale Dar angeweza kuuliza Msukuma yeyote anayepakua mizigo. Mmoja akakwambia, "Mtani, sema ukweli, umefuata ugali." Ukamjibu, "Nimefuata ugali, na mwanaume wa kunipikia." Siku hiyo ulishapata nyumba mia za kulala.

Mimi walinitafuta nikutafsirie kwa sababu nilikulia karibu na misheni Bariadi mjini, Kiswahili kilikuwa hakinisumbui. Nilikuwa nimeolewa mwaka mmoja, tumbo lina miezi minne. Shija alikubali. Siku tisa nilizunguka na wewe, nimekaa nyuma ya baiskeli, na kwenye vilima tunashuka wote tunasukuma. Katika maisha yangu hakuna siku nilizocheka kama hizo.

Ulinihadithia nchi ulizokaa. Wafuga ngamia wa Sudani uliolala kwenye mahema yao, ukakatazwa kula mbele ya wanaume, ukala mgongo umewapa na hukulalamika. Msumbiji vita ilipokwisha, wanawake wakachimba mashimo hapa na pale kutafuta masufuria waliyofukia. Nilikuuliza unawezaje kwenda kwa watu usiowajua na mila zao. Ukasema, "Naangalia wanavyokaa, nakaa hivyo. Nikikosea naomba radhi, halafu nauliza." Na ukanifundisha kazi yako: jina kwanza, maneno baadaye. Ulikuwa unaandika jina la mtu juu kabisa ya ukurasa, unalipigia mstari, ndipo unamwacha aseme. Ulisema umechoka kusoma magazeti ya wenzako, mkulima mmoja alisema, mama mmoja alilia. Ukasema mtu aliyekupa maneno yake halafu ukamnyima jina lake, umemwibia.

Siku ya sita ukaniambia, "Nyanzobe, wewe ungeweza kuwa mwandishi." Sijui kama ulijua ulichonifanyia. Nililibeba neno hilo kama yai. Nikaanza kukuonyesha kwamba mimi siyo mtu wa kienyeji. Mke wa mwalimu alipokuuliza mbele yangu kama unajua miiko yetu ya wakwe, mimi ndiye nilidakia, nikasema hayo ni mambo ya zamani, sisi vijana hatuyafuati. Nilisema hivyo mimi, ambaye baba mkwe akipita naingia ndani, na ambaye jina lake halijawahi kutoka mdomoni mwangu tangu siku niliyoolewa.

Ikaja siku ya mwisho, gulioni. Lori la Lamadi lilikuwa linakusubiri, dereva ameshawasha. Watu wamepanga mikokoteni mpaka barabarani. Mzee mmoja aliyekaa juu ya gunia lake akaanza kusema kwa sauti, kwa Kisukuma, na watu wakamzunguka. Mimi nikarudi nyuma ya mkokoteni, nikageuka nikawa natazama ng'ombe, nikakutafsiria hivyo hivyo bila kumtazama. Hukuuliza kwa nini. Ulikuwa unaandika mbio. Alisema kwamba mizani ya wanunuzi inawaibia wakulima, na kwamba yeye amechoka kuibiwa, kwa hiyo jioni kabla ya kuja anamwagia pamba maji ndoo mbili na mchanga kidogo katikati. Akasema, "Wao wana mizani yao, mimi nina ndoo yangu. Tukutane hapo." Watu wakaangua kicheko. Na wewe ulicheka nilipokutafsiria, ukasema hilo ndilo neno nililolifuata kutoka India.

Halafu akaitwa kwenye mizani, akaenda. Dereva akapiga honi. Ukanigeukia, kalamu iko juu ya ukurasa, na kwa mara ya kwanza jina lilikuwa bado. Ukasema, "Haraka, mzee yule anaitwa nani?"

Dada, yule alikuwa baba mkwe wangu.

Ingetosha kusema, siwezi kumtaja, muulize huyu hapa. Kila mwanamke pale angeelewa. Wewe ungeelewa kuliko wote, wewe uliyekula umewapa watu mgongo. Lakini nilikuwa nimeshajitapa kwamba mimi siyo wa mambo hayo. Nikaona aibu ya kwetu mbele yako. Macho yangu yakaangukia kwenye mkokoteni uliofuata, Mzee Limbu anafunga kamba za magunia yake. Nikasema, "Limbu. Limbu Nkuba." Ukaandika, ukapiga mstari, ukanikumbatia, ukapanda lori.

Nikisema ilikuwa aibu ya mila tu, nitakuwa nimekudanganya tena, na safari hii umekufa. Kulikuwa na jingine chini yake. Nilijua maneno yale yakiandikwa na jina la kweli, pamba ya nyumba yetu haitapokelewa. Nilijua hilo kwa muda mfupi sana, mfupi kama honi ya lori, lakini nilijua.

Gazeti lilikuja miezi mingi baadaye, lile la Kiswahili. Mwalimu alilisoma kwa sauti gulioni siku wakulima wanafungua msimu. Ulikuwa umetuandika vizuri, Dada. Kila mtu na jina lake, watu wanajigonga vifua. Mama Ng'wasi uliyemwandika alivyopalilia na mtoto mgongoni alilia. Halafu mwalimu akafika kwa Limbu Nkuba na ndoo yake. Watu wakageukiana.

Mzee Limbu hukumjua. Ni mzee wa kanisa. Pamba yake inachambuliwa kama mchele, na makarani wote walikuwa wanaipitisha safi bila hata kuingiza mkono. Karani wa kampuni moja alikata kipande cha gazeti akakibandika kwenye nguzo ya banda la mizani. Ilipofika zamu ya Mzee Limbu, wakamwaga magunia yake yote kwenye turubai mbele ya watu, wakaingiza mikono, wakapekua. Hawakuona maji, hawakuona mchanga. Wakaiandika fifi, daraja la pamba chafu. Pamba ile nyeupe, wakaiita fifi. Alipiga magoti akaikusanya mwenyewe, konzi kwa konzi, akirudisha gunia. Vijana wanamwita, "Mzee Limbu, ndoo umeiacha wapi leo?" Tangu hapo hajakanyaga gulioni. Pamba yake anaipeleka mpwa wake. Kanisani amehama benchi la mbele.

Mimi nilikuwa pale, tumbo limeshakuwa Kabula, nimembeba. Nilinyamaza. Mzee Limbu aliapa kwamba hajawahi kuongea na wewe, na ni kweli hajawahi, na watu wakasema basi Mzaramo ni mwongo, ametunga, waandishi wote ndivyo walivyo. Hata hapo nikanyamaza.

Halafu ukaja. Ulikuwa umesema utarudi kutusomea ulichoandika, kwa sababu ndivyo ulivyofanya kila nchi. Mke wa mwalimu alinisimulia jinsi ulivyopita gulioni na begi lako. Hawakukutukana. Walikusalimia mwadila, salamu yetu ya heshima, kwa adabu zote, kama mgeni wa serikali. Hakuna aliyekutania hata neno moja. Anasema ulisimama ukisubiri. Ukajaribu kumwambia yule wa ugali, "Shemeji, umeshajifunza kupika?" Akakujibu, "Karibu, mama." Anasema hapo ndipo uso wako ulibadilika.

Nilikuona unakuja kwenye njia ya mkonge, unasukuma baiskeli. Nikamchukua Kabula nikaingia jikoni, nikafunga. Nikamwambia Mayu, mama mkwe wangu, aseme nimekwenda Lamadi kununua samaki. Mayu Kiswahili chake unakijua, alisema, "Hayupo. Samaki. Lamadi." Kabula akataka kulia, nikamziba kwa ziwa. Nilikuwa nakuona kwenye upenyo wa udongo, mgongo wako na ile kofia. Ukasema polepole, kwa Mayu lakini kwa sauti ya kufika jikoni, "Mwambie simlaumu. Nataka kujua tu nilikosea wapi ili nimwombe radhi huyo mzee." Ukakaa kidogo. Ukaacha sweta ya mtoto kwenye kigoda, ile ya njano. Ukaondoka.

Sweta imeshambana sasa. Nilimvalisha kila siku ya baridi na kila nilipofunga vifungo nilikuona mgongo.

Nilijiambia nitakuandikia. Nikivuna nitakuandikia. Mtoto akiota meno. Nilidhani una miaka mingi, watu wanaotembea kama wewe tunadhani hawafi.

Sasa nikuambie nilichokikuta kwenye daftari. Ukurasa wa gulioni upo, Limbu Nkuba na mstari wake. Pembeni, kwa wino mwingine, umeandika: Jina niliuliza mwishoni, na kwa mtu mmoja. Kosa langu. Kisha chini, tarehe ya siku ile uliyokuja: Nepi mbichi kwenye kamba. Yumo ndani. Nisimsumbue. Na ukurasa unaofuata, ambao nimeusoma mpaka karatasi imelegea: Mke wa mwalimu anasema mwanamke wa hapa hamtaji baba mkwe. Alimgeuzia mzee mgongo wakati anatafsiri. Mimi nikadhani ni jua. Nilikula mgongo nimewapa watu Sudani, hapa sikumwona msichana aliyefanya hivyo hivyo mbele yangu. Gazeti wanataka niseme nani alinipotosha. Nimewaambia ni mimi.

Ulijua. Ulijua na hukusema. Siwema ameandika kwamba lile gazeti halikukupa kazi tena mwaka mzima, na kwamba ulikuwa unasema tu, nilifanya haraka. Ukafa na uongo wangu juu ya jina lako, wewe uliyelinda majina ya watu.

Jumatano sikuweza kupika. Mayu akaniuliza naumwa wapi. Nikamwambia yote. Nilidhani atanipiga. Alinisikiliza anapepeta mtama, hakusimamisha ungo, na nilipomaliza akasema, "Njoo." Akanikalisha nyuma ya ukuta wa nyumba, upande wa pili baba mkwe amekaa anashona mikanda ya nira. Mayu akasimama kwenye kona, akawa anapokea kwangu anapeleka kwake, kama mimi nilivyokuwa napokea nakuletea wewe.

Baba mkwe akaweka nira chini. Halafu nikamsikia mwenyewe, ukuta ni mwembamba. Akasema, "Mwambie siku ile gazeti linasomwa nilikuwepo. Maneno yangu nayajua. Limbu hana akili ya kuwaza ndoo." Mayu akacheka kwa pua, hakutaka kucheka. Akaendelea, "Nilisikia jina la Limbu, nikashukuru. Nikasema Mzaramo amekosea, bahati yangu. Misimu miwili nimempita Limbu njiani namsalimia. Huyu mtoto amebeba aibu yake tu au amebeba na yangu?"

Mayu hakuileta hiyo kwangu. Alijua nimesikia.

Kesho, Jumamosi, ni mkutano wa wakulima kabla ya msimu. Baba mkwe amesema twende wote. Amesema nisimame na daftari lako, nisome ulichoandika mpaka mwisho, na pale penye jina la Limbu niseme jina la kweli, kwa mdomo wangu. Nilimwuliza Mayu kama yeye mwenyewe hawezi kujitaja. Jibu likaja, "Aliyeliweka jina la Limbu ndiye aliondoe. Mwambie nimemruhusu. Atakayemcheka, anicheke mimi, nitakuwa nimesimama pembeni yake." Pembeni yangu, Dada. Tangu niolewe hatujawahi kusimama jua moja.

Pamba yetu huenda ikamwagwa kwenye turubai mwaka huu. Shija anajua. Amesema tutaikusanya.

Tangu jana najaribu. Nilikwenda kuchota maji nikasema, hapa hakuna mtu, nitalisema. Mdomo ukafunguka, sauti ikakataa. Unakumbuka nilikuhadithia kliniki? Sikukuhadithia, ilikuwa baadaye. Nesi alinitaka jina kamili la baba wa mtoto, nikasema Shija, nikanyamaza. Akasema Shija nani, nikamtazama tu. Akadhani sijui mume wangu. Wanawake kwenye benchi wakacheka mpaka mmoja akanisaidia. Kadi ya Kabula ina jina hilo kwa mwandiko wa nesi, na nikiifungua kidole changu hulifunika chenyewe.

Basi nitalianza kwa kalamu. Nimefikiri asiwe mtu mwingine wa kuliona kwanza, uwe wewe uliyelikosa.

Ninakuahidi haya. Kesho nikitoka mkutanoni nitakwenda kwa Mzee Limbu, nitapiga magoti pale alipo, na akinifukuza nitarudi Jumapili. Mwalimu amekubali kunisaidia kuandika kwa lile gazeti, kueleza aliyekosea ni nani, na jina langu nitaliweka juu ya ukurasa kabla ya maneno. Na Kabula akiweza kutembea safari ndefu nitampeleka Kisarawe. Nitazuia njia ya kaburini kwako na kumwambia Siwema hapiti mpaka anipe kitu, na nitasema ulikuwa mlafi, ulikula ugali wetu siku tisa. Nitachelewa, lakini mtani wako atakuwa amefika.

Lala, Dada. Wabeja, kama tunavyoshukuru huku, kwa sweta na kwa kutonisumbua siku ile. Kurasa zimebaki nne. Sitazimaliza kwa barua hii, nataka nizitumie kuandika watu kwa majina yao, mmoja mmoja, nikianza na huyu hapa chini.

Mtani wako,
Nyanzobe,
mke wa Shija, mwana wa Luhende Machiya.